Jasho la Kalamu Nalo ni Jasho

Kila mwaka msimu wa mahafali unapowadia, wazazi husafiri kutoka mikoani, vijana huvaa majoho, na taifa hufurahi kuona idadi ya wasomi wake ikiongezeka. Furaha hiyo ni halali. Lakini hutokea katika nchi yoyote yenye vyuo vikuu kwamba, baada ya joho kuvaliwa au siku chache kabla yake, Chuo hupata habari kwamba katika tasnifu ya mmoja wa wanafunzi wake mna kurasa zilizochukuliwa kwa watu wengine, na wenyewe hawakutajwa. 

Siku hiyo Chuo husimama mbele ya njia tatu. Ya kwanza ni kuifunika habari, ili sifa ya Chuo isiharibike. Ya pili ni kumtupa nje mtuhumiwa siku hiyo hiyo, ili wakubwa waonekane kuwa wakali. Ya tatu ni kuketi, kuchunguza, kumsikiliza anayetuhumiwa, kuhukumu kwa sheria iliyoandikwa, na kutangaza hukumu. Njia mbili za kwanza ni nyepesi. Ya tatu ni nzito, huchukua muda, na mara nyingi haimpendezi mtu yeyote. Hata hivyo sisi twasema kwamba hiyo ndiyo njia ya haki, na twataka kueleza kwa nini jambo hili, linaloonekana kuwa la wasomi peke yao, linawahusu wanachama na wafanyakazi wote.

KWA NINI LINATUHUSU

Mfanyakazi wa bandarini anaweza kuuliza: mimi na tasnifu tuna udugu gani? Jibu lake ni rahisi. Yeye anajua maana ya kubeba mzigo mchana kutwa, kisha jioni akasikia mwingine akisifiwa kwa kazi ile. Wizi wa maandishi ni jambo hilo hilo. Mtu mmoja amekaa miaka akisoma, akipima, akisafiri vijijini na kuuliza watu. Mwingine anakuja, anachukua matokeo, anaandika jina lake juu, na kupewa cheo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwenye kuunda ana haki ya kutajwa. Kumnyima haki hiyo ni unyonyaji, na unyonyaji haubadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu umefanywa kwa kalamu.

Tena vyuo hivi si mali ya wasomi. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilipoanza mwezi wa Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama cha wakulima na wafanyakazi ndicho kilichowapa wasomi hao mahali pa kukaa. Tangu siku hiyo hadi leo, elimu ya juu imeendelea kulipiwa na kodi ya mtu anayeuza samaki, anayelima pamba na anayesukuma toroli. Mwalimu Nyerere alipata kuwafananisha wasomi wa nchi maskini na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila chakula kile asirudi, ni msaliti. Je, akirudi na gunia lililojaa mchanga, akasema ni unga, tumwiteje?

Madhara yake hayaishii katika heshima ya karatasi. Daktari atatumia utafiti ulioandikwa na mwenzake kuamua dawa. Mhandisi atasoma vipimo vya udongo vya mwingine kabla ya kuweka nguzo za daraja. Ikiwa aliyeandika hakuwahi kupima chochote, bali alinakili vipimo vya mahali pengine, atakayeumia ni mgonjwa na abiria. Kwa hiyo haya ni mambo ya usalama wa watu.

MAMBO YALIYOTOKEA UJERUMANI

Tuangalie jinsi nchi nyingine zilivyolishughulikia jambo hili, maana mwenye busara hujifunza kwa makosa ya jirani kabla hajajifunza kwa yake.

Mwaka 2011 Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani alikuwa Bwana Karl-Theodor zu Guttenberg, mtu wa ukoo wa kikabaila, kijana, tajiri, aliyependwa sana na magazeti. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilikuwa kimempa shahada ya udaktari wa sheria kwa alama ya juu kabisa. Mwezi wa Februari 2011 profesa mmoja wa sheria kutoka Bremen, aliyekuwa akiisoma tasnifu hiyo ili aiandikie uhakiki, aligundua kwamba sehemu zake zimetoka katika maandishi ya watu wengine. Waziri alijibu kwa kiburi kwamba tuhuma hizo ni upuuzi. Lakini watu wa kawaida, wakiwa na kompyuta zao, waligawana kurasa na kuzilinganisha moja moja, na kila siku iliyopita madoa yakaongezeka. Mlikuwa na maneno yaliyotoka magazetini, na tena mlikuwa na taarifa zilizoandikwa na watumishi wa idara ya utafiti ya Bunge. Yaani makarani wa Bunge, wanaolipwa kwa kodi za wananchi, walifanya kazi, na Bwana mkubwa akaiweka katika tasnifu yake.

Alijitetea kwamba aliandika kwa taabu, huku ni mbunge na baba wa watoto wadogo. Maneno haya yapimwe vizuri, kwa sababu hata kwetu husemwa. Karani wetu anayesoma darasa la jioni, anayetoka kazini saa kumi na moja, akapanda daladala mbili, akafika nyumbani saa nne ya usiku na kuandika kurasa mbili zake mwenyewe kabla ya kulala, yeye naye ana kazi na watoto. Taabu ya mtu mmoja haiwezi kuwa ruhusa ya kuchukua taabu ya mwingine.

Siku chache baadaye, tarehe 23 Februari, Chuo cha Bayreuth kilimnyang'anya shahada. Mkuu wa Serikali, Bibi Angela Merkel, alijaribu kumkinga kwa kusema kwamba alimwajiri kuwa waziri, si msaidizi wa utafiti. Maelfu ya wasomi, wengi wao vijana waliokuwa bado wakiandika tasnifu zao kwa mshahara mdogo, walimwandikia barua ya wazi kumpinga. Tarehe 1 Machi 2011 waziri alijiuzulu. Mwezi wa Mei kamati ya Chuo ilitamka kwamba alidanganya kwa makusudi.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Waziri wa Elimu mwenyewe, Bibi Annette Schavan. Wakati wa kesi ya Guttenberg, bibi huyu alitamka hadharani kwamba ameona aibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka 2012 mtu asiyejitaja jina alionyesha sehemu za tasnifu yake ya mwaka 1980, iliyotolewa katika Chuo Kikuu cha Düsseldorf, na ambayo somo lake, kwa ajabu ya dunia, lilihusu dhamiri ya mtu. Uchunguzi ulichukua miezi. Baraza la Kitivo lilipiga kura tarehe 5 Februari 2013: wajumbe 12 walitaka anyang'anywe shahada, 2 walikataa, na 1 hakupiga upande wowote. Siku nne baadaye kujiuzulu kwake kukatangazwa. Yeye alikubali kwamba hakuwa mwangalifu, bali alikana kabisa kwamba alikusudia kudanganya. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ikaikataa kesi yake.

Katika mambo ya Düsseldorf mna sifa na mna doa. Sifa ni kwamba tuhuma ilichunguzwa, mtuhumiwa alijibu, wajumbe walipiga kura iliyohesabiwa, na mlango wa mahakama ulikuwa wazi. Doa ni kwamba ripoti ya siri ya mchunguzi ilivuja hadi magazetini mwezi wa Oktoba 2012, kabla mwenyewe hajasikilizwa. Hata mtu mwenye kosa anastahili kuisoma hati ya mashtaka yake kabla haijasomwa sokoni.

MKONO WA WENYE MADARAKA

Wajerumani walichelewa na kugombana, lakini sheria yao ilifika mwisho wa safari. Romania ilikuwa vingine. Mwezi wa Juni 2012 Waziri Mkuu mpya, Bwana Victor Ponta, alituhumiwa kwamba tasnifu yake ya mwaka 2003, juu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, imejaa maandishi ya wengine. Msimamizi wake chuoni alikuwa Bwana Adrian Năstase, ambaye wakati tasnifu ile inapokewa alikuwa yeye mwenyewe Waziri Mkuu wa nchi. Baraza la taifa la kuthibitisha shahada liliketi na kuona kwamba tuhuma ni kweli. Wakati wajumbe wakiwa bado kikaoni, ikatolewa amri ya wizara ya kulipanga baraza lile upya. Chuo Kikuu cha Bucharest kikachunguza chenyewe, nacho kikasema ni wizi. Chombo kingine cha wizara kikasema si wizi. Bwana Ponta akabaki madarakani, na shahada yake haikufutwa rasmi mpaka mwaka 2016.

Mambo haya yatufundishe nini? Kwamba mtu mwenye madaraka asipoweza kuishinda hoja, atajaribu kulivunja baraza. Na likishavunjwa mara moja kwa ajili ya mkubwa, hakuna mwanafunzi mdogo atakayeliheshimu tena. Mtoto wa mkulima akiitwa kujibu shtaka, atauliza kwa haki: mbona yule aliachwa?

Hungary nayo ilikuwa na kesi yake mwaka huo huo. Rais wa nchi, Bwana Pál Schmitt, bingwa wa zamani wa Olimpiki katika mchezo wa vitara, alikuwa ameandika tasnifu ya mwaka 1992 kuhusu michezo ya Olimpiki. Ilionekana kwamba sehemu kubwa yake ililingana na maandishi ya mtaalamu wa Kibulgaria yaliyokuwa kwa lugha ya Kifaransa. Chuo Kikuu cha Semmelweis kilimvua shahada tarehe 29 Machi 2012, na tarehe 2 Aprili alijiuzulu urais. Jambo moja katika kesi hiyo halipaswi kusahauliwa: kamati ya uchunguzi haikumlaumu mwandishi peke yake. Ilisema pia kwamba chuo kilichoipokea tasnifu ile kilikosa kwa kutoona mapema kilichokuwa mbele ya macho yake. Hapo kamati iligusa mzizi. Tasnifu hupita mikononi mwa msimamizi, watahini na wakuu wa idara. Ikiwa wote walitia sahihi bila kusoma, basi nao wana sehemu yao ya hesabu.

KESI YA MTU MWEMA

Watu hufurahi kuona wakubwa wenye kiburi wakianguka, na hukumu huwa nyepesi mdomoni. Lakini iko kesi moja inayoijaribu mizani yetu zaidi ya zote, kwa kuwa yamhusu mtu anayeheshimiwa na wafanyakazi wa dunia nzima.

Martin Luther King alipigwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968, akiwa amekwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliokuwa katika mgomo. Alikuwa amepata udaktari wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955. Miaka mingi baada ya kifo chake, wasomi waliokuwa wakiziandaa karatasi zake ili zichapishwe, kazi waliyopewa na mjane wake, waligundua kwamba katika tasnifu ile mna sehemu nyingi zilizochukuliwa bila kutajwa ipasavyo. Baadhi zilitoka katika tasnifu ya Jack Boozer, mwanafunzi wa chuo hicho hicho, ya mwaka 1952, iliyosimamiwa na mwalimu yule yule. Walioligundua hawakuwa adui zake. Kiongozi wao, Clayborne Carson, alikuwa mtu aliyejitolea kuihifadhi kazi ya King. Wangeweza kunyamaza. Habari ilitoka mwezi wa Novemba 1990.

Chuo cha Boston kiliunda kamati, na mwezi wa Oktoba 1991 ikatoa uamuzi: ni kweli, kulikuwa na wizi wa maandishi, shahada isifutwe, bali barua ya kueleza matokeo ya uchunguzi iambatishwe na nakala ya tasnifu iliyomo maktabani, ili kila atakayeisoma ajue.

Wako wanaosema kwamba Boston ilimpendelea mtu mkubwa. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliye hai hunyang'anywa shahada ili asiendelee kula mshahara na heshima isiyo yake, na ili wengine waogope. Marehemu hali mshahara, wala hawezi kusimama kujitetea. Lililobaki kudaiwa lilikuwa ukweli: ukweli kwa ajili ya Boozer aliyefanya kazi ile, na ukweli kwa ajili ya msomaji. Deni hilo lililipwa. Wema wa King haukuifuta kweli hiyo, na kweli hiyo haikuufuta mgomo wa Memphis. Taifa lililokomaa laweza kuyashika yote mawili kwa mikono miwili.

KOMPYUTA NI SHAHIDI TU

Sasa turudi nyumbani. Vyuo vyetu vingi siku hizi hutumia programu za kompyuta zinazolinganisha tasnifu na maandishi mengine, kisha zikatoa hesabu kwa asilimia. Chombo hiki ni msaada mkubwa, na hatusemi kiachwe. Lakini imeanza tabia mbaya ya kuichukua asilimia hiyo kana kwamba ni hukumu. Mwanafunzi akipata asilimia ndogo hupita akicheka. Akipata kubwa hutetemeka kama mwizi aliyeshikwa.

Kompyuta huhesabu maneno yanayofanana. Haijui kwa nini yanafanana. Mwanafunzi wa sheria aliyenukuu vifungu vya sheria neno kwa neno, akavitaja vizuri, atapewa hesabu kubwa bila kosa. Mwingine aliyeiba sura moja tu, ambayo ndiyo moyo wa tasnifu nzima, atapewa hesabu ndogo. Na yule aliyechukua kitabu cha Kiingereza akakifasiri kwa Kiswahili fasaha, akaweka jina lake, huenda mashine isimwone kabisa, kama vile wasomaji wa Hungary hawakumwona aliyechota katika Kifaransa. Wala mashine haimjui mzee wa kijijini aliyemsimulia mwanafunzi historia ya ukoo wake kwa siku tatu, kisha jina lake halikuonekana popote. Mzee huyo naye ameibiwa.

Hatari imezidi tangu zije mashine za akili mnemba zinazoweza kuandika kurasa nzima kwa dakika. Zimekuja pia mashine nyingine zinazodai kuzitambua kurasa hizo, nazo hukosea. Zaweza kumtuhumu aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe. Basi kanuni iwe moja: kompyuta iitwe shahidi, wala isikalishwe katika kiti cha hakimu. Hakimu awe mtu aliyesoma tasnifu, akaziweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu, na kumwuliza mwandishi ana kwa ana: hii uliipataje? Aliyeandika kwa jasho lake hujua njia aliyopita. Aliyeiba, au aliyenunua kazi kwa wale wanaoandikia watu tasnifu kwa fedha, hupotea katika swali la pili.

MAMBO YANAYOPASWA KUFANYWA

Kwa maoni yetu, chuo kilichopata tuhuma ya namna hii hakina budi kufuata mambo sita.

Kwanza, tuhuma iandikwe, ikionyesha ukurasa kwa ukurasa kilichochukuliwa na kilikotoka. Fununu za barazani zisifunguliwe jalada.

Pili, mtuhumiwa apewe hati hiyo mapema, apewe muda wa kujibu, na asikilizwe mbele ya watu ambao hawakuisimamia tasnifu yake wala hawana ugomvi naye. Mpaka hapo jina lake lihifadhiwe.

Tatu, makosa yatenganishwe. Kuna anayesahau alama za kunukuu mahali pachache. Huyo afundishwe na kurekebisha. Kuna aliyenakili kwa uzembe, asiyejua mpaka ulipo; huyo arudishe tasnifu aiandike upya, na ucheleweshwaji ndio adhabu yake. Na kuna aliyekusudia, akabadilisha neno hapa na pale ili asijulikane. Huyo anyimwe shahada, au avuliwe kama ameshaivaa. Kuwapiga wote fimbo moja si ukali, ni uvivu wa kufikiri.

Nne, msimamizi na watahini waulizwe. Twajua kwamba walimu ni wachache na wanafunzi ni wengi, na mwalimu mmoja huweza kubeba tasnifu nyingi kuliko awezavyo kusoma. Ikiwa ndivyo, Chuo kiseme wazi, na Serikali isikie. Lakini sahihi ni sahihi. Fundi mkuu anayetia sahihi kwamba nyaya zimekaguliwa huwajibika nyumba ikiungua.

Tano, iwepo rufaa. Mwaka 2017, vyeti vya watumishi wa umma vilipohakikiwa na kutolewa orodha ya watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi, walioona wameonewa walipewa nafasi ya kulalamika. Kughushi cheti na kunakili tasnifu si kosa moja, lakini funzo ni lile lile: orodha yoyote iliyotengenezwa na binadamu yaweza kuwa na jina lisilostahili kuwamo.

Sita, hukumu ikishakuwa ya mwisho, itangazwe, na maktaba iandike katika nakala iliyohifadhiwa kilichoonekana. Hukumu ya siri huzaa uvumi, na uvumi humchafua hata asiye na hatia.

WAJIBU WA MWANACHAMA

Mwisho twasema na wanachama wenzetu, hasa wale wanaopenda kuandika neno Dokta mbele ya majina yao.

Ahadi za mwanachama zinamtaka aseme kweli, na ajielimishe kwa faida ya wote. Hazisemi kwamba kiongozi lazima awe na udaktari. Mkulima aliyesoma darasa la saba na kuongoza kijiji chake kwa uaminifu ana heshima kamili mbele ya Chama. Tamaa ya vyeo vya kisomo, ya kutaka joho kabla ya kazi, ndiyo inayowajaza wateja wale wanaouza tasnifu. Mwenye tamaa hiyo aache, na asiyeweza kuiacha basi asome kweli.

Kiongozi akituhumiwa, yapo mambo mawili yaliyo mwiko. La kwanza ni kumkinga. Simu isipigwe kwa Makamu Mkuu wa Chuo, wala mjumbe wa Seneti asikumbushwe nani aliyemteua. Tumeona Romania jinsi mkono huo unavyoharibu. La pili ni kuifanya tuhuma kuwa silaha ya majungu wakati wa uchaguzi, kwa kuisambaza kabla Chuo hakijasema neno. Mwenye ushahidi aupeleke Chuoni, na jina lake alitie. Asiye na ushahidi anyamaze.

Wala tusichanganye mambo mawili. Shahada ni ya Chuo, na Chuo peke yake ndicho chenye kuitoa na kuifuta. Uongozi ni wa wananchi. Bibi Franziska Giffey wa Ujerumani, ambaye chama chake cha Demokrasia ya Kijamii kilizaliwa katika harakati za wafanyakazi, alijiuzulu uwaziri mwezi wa Mei 2021 kabla Chuo Kikuu Huria cha Berlin hakijatamka neno la mwisho juu ya tasnifu yake. Mwezi wa Juni Chuo kilimvua udaktari. Mwaka huo huo wapiga kura wa Berlin walikipa chama chake nafasi ya kwanza, na mwezi wa Desemba akawa Meya wa mji huo. Mtu anaweza kuona kwamba wapiga kura walikosea au walipatia; hiyo ni haki yao. Lakini walipiga kura macho yakiwa wazi, wakijua yote, na Chuo hakikuogopa kusema kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu. Kila mmoja alifanya kazi yake.

Twaamini kwamba vyuo vyetu vinaweza kufanya kazi hiyo. Vina walimu waaminifu, na vina wanafunzi wengi, watoto wa wavuvi, wa manesi na wa madereva, wanaoandika tasnifu zao wenyewe usiku kwa mwanga hafifu, mstari kwa mstari, wakitaja kila waliyemwazima neno. Hao ndio wanaoibiwa mara mbili: mara ya kwanza maneno yao yanaponakiliwa, mara ya pili shahada yao halali inapotiliwa shaka kwa sababu ya wenye shahada za wizi. Kila tuhuma inayofunikwa huwadhulumu hao, na kila hukumu ya pupa huweza kumwangukia mmoja wao asiye na kosa.

Kwa hiyo Chuo kikipata tuhuma, kisione haya wala kisione hasira. Kifungue jalada, kisome, kisikilize, kihukumu, kitangaze. Mizani itakayotumika kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiye na ndugu mkubwa, ndiyo hiyo hiyo itumike kwa waziri. Jasho la kalamu nalo ni jasho, na katika nchi ya wakulima na wafanyakazi hakuna jasho lisilo na mwenyewe.